Mla Pilau Akaribishwa Saga Suneka

Na Mwandishi Wetu

MPWANI akisafiri kwenda bara hubeba vitu viwili visivyoonekana mkobani: ulimi uliozoea nazi, na swali la halali. Ulimi huweza kuvumilia. Swali la halali halina subira, nalo humrudia msafiri kila apitapo mbele ya mlango wa hoteli na kupokewa na harufu ya mchuzi. Nani aliyechinja? Sufuria hii jana ilipikiwa nini? Wengi wetu hulikata swali hilo kwa mkate mkavu, soda na ndizi mbivu, siku tatu mfululizo, kisha tukirudi kwetu tukasimulia kwamba bara hakuna chakula.

Leo nataka kuwazungumzia wasomaji habari za mahali ambapo nimelitafakari sana jambo hili. Mahali penyewe ni Suneka, mji mdogo katika nchi ya Abagusii, kilomita chache kutoka mji wa Kisii, kwenye barabara kuu iendayo Rongo na Migori hadi mpaka wa Tanzania pale Isebania. Pana uwanja mdogo wa ndege, maduka, wauzaji wa ndizi na maparachichi kando ya barabara, na hoteli za kawaida ambazo wasafiri na wakulima hukaa meza moja. Shughuli zangu zimenifikisha huko mara kadhaa, na kila mara nimekula nje, kwani sina jamaa wa kunipikia.

MAJIRANI WA MEZA

Jambo la kwanza la kumstaajabisha Mwislamu huko ni kwamba hoteli nyingi hazina nguruwe wala bia, na wenyewe si Waislamu. Sababu ni dini yao. Waadventista wa Sabato walifungua misheni yao ya kwanza katika nchi hii huko Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka wa 1906, na mwaka wa 1912 wakafika Nyanchwa, jirani na mji wa Kisii. Tangu hapo imani hiyo imeenea sana Gusii. Msabato aliyeshika mafundisho yake hali nguruwe, hanywi pombe, havuti sigara. Wapo wasiogusa hata chai na kahawa, nao wanaishi katika wilaya ambazo vilima vyake vimefunikwa na majani ya chai!

Na samaki pia wana hesabu yake. Msabato hula samaki mwenye mapezi na magamba. Ngege na sangara kutoka Ziwa Victoria huingia mezani bila maneno, lakini kambare, kwa kuwa hana magamba, hubaki nje. Kwa hiyo hutokea kichekesho hiki: Mwislamu wa Pwani, ambaye kwake samaki haulizwi kachinjwa na nani, yuko tayari kumla kambare, na mwenyeji wake ndiye anayetikisa kichwa.

Hata siku zao zinafanana na zetu katika kuhesabiwa. Sisi twajua kwamba usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, maana siku huanza jua likitua. Sabato nayo huanza Ijumaa magharibi, ikamalizika Jumamosi magharibi. Mgeni asiyejua hilo atafika Suneka Jumamosi mchana na njaa yake, akute baadhi ya milango imefungwa na wenyewe wako kanisani. Heri kula mapema, au kununua ndizi Ijumaa alasiri.

KUULIZA SI UTOVU WA ADABU

Lakini tusikimbilie kusema kwamba pasipo nguruwe basi pana halali. Hayo ni mambo mawili. Maulamaa wameizungumza kwa urefu Aya ya 5 ya Sura Al-Maida kuhusu chakula cha Watu wa Kitabu, na mjadala huo nawaachia wenye elimu yake. Mimi ni mlaji tu, na mlaji hana budi kuuliza.

Katika miji mingi ya Kenya ni desturi kuajiri Waislamu wachinje, ili nyama iweze kununuliwa na kila mtu. Hata hivyo desturi si ushahidi. Siku moja nilimwuliza mama mwenye hoteli, mtu mzima aliyejifunga kitambaa kichwani, nyama yake imetoka wapi. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu:

"Mzee, mimi sikuwa machinjioni, siwezi kukuapia. Nimenunua bucha ile pale, nenda umwulize mwenyewe. Lakini mboga nimepika kwa mkono wangu, na sufuria yake haijaingia nyama."

Jibu hilo lilinishibisha kabla ya chakula. Angeweza kusema "halali, halali" apate kuuza sahani ya nyama, kama wasemavyo wengi wanaomwona mtu amevaa kofia. Yeye alichagua kukosa faida kuliko kuniambia asilolijua. Tangu siku ile naamini kwamba mpishi mwaminifu wa dini nyingine humsitiri Mwislamu kuliko ubao ulioandikwa "Halal" kwa rangi ya kijani mlangoni, ambao mwenyewe hujui nani ameuandika.

SAGA NA WIMBI

Basi nikala mboga, na hapa ndipo ulimi wa nazi ulipopewa mtihani. Niliandikiwa saga, ambazo kwa Kigusii huitwa chinsaga. Hizi si ngeni kwetu, ni mwangani ule ule tuujuao Pwani, lakini kwetu ni mboga ya pembeni, na kwa Mgusii ni mboga ya heshima. Husifiwa kwamba hurudisha damu, na mama aliyejifungua hupikiwa. Ni chungu, na uchungu wake hautolewi wote. Huchemshwa sana, kisha hutiwa maziwa na kulazwa, na kesho yake hupashwa moto tena. Saga za jana ni tamu kuliko za leo, kama ulivyo mchuzi wa samaki wa kulala.

Nazo haziliwi na ugali mweupe kwa anayejua kula. Huliwa na obokima, yaani ugali wa wimbi, mweusi-mwekundu, mzito, wenye harufu ya nafaka iliyokaangwa na jua. Zamani wimbi lilisagwa juu ya jiwe na ugali ukatiwa katika ekee, kikapu kilichosukwa kwa mabua ya wimbi lenyewe, na humo ukakaa na joto lake. Siku hizi kinu cha mashine kimechukua kazi ya jiwe, na hotelini sahani imechukua nafasi ya kikapu. Ladha haijaenda popote. Kando huwekwa maziwa lala, nayo ndiyo yanayoupoza uchungu wa saga mdomoni.

Asiyependa uchungu atapata managu, yaani mnavu, au matoke yaliyochemshwa, au dagaa wa ziwani waitwao omena. Mimi binafsi baada ya siku ya pili sikuulizia wali. Pilau ni malkia, sibishi, ila malkia naye ana dada zake.

Nitaongeza kwamba anayetamani pilau hatakosa akienda mjini Kisii. Huko kuna msikiti na jamaa za Waislamu wa siku nyingi, wakiwamo Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Waingereza. Salamu ya Kiislamu utaipata, na Kiswahili utakisikia. Lakini mtu akila huko tu, kisha akarudi Mombasa, atakuwa amesafiri mwendo wote ule kula alichokiacha nyumbani.

JUA LIKITUA

Mambo ya starehe nayo yana ratiba yake. Mchana wa Sabato husikii ila kwaya, na nyimbo nyingi ni za Kiswahili. Mtu aliyelelewa kwenye kasida na maulidi hatakosa kuisikiliza ile mipangilio ya sauti, ingawa ibada si yake. Magharibi ikishapita, redio hufunguliwa, na hapo ndipo benga inapoingia.

Benga ilizaliwa kwa Waluo, jirani kabisa na Suneka, na barabara hiyo hiyo ndiyo iendayo upande wa Shirati, Tanzania, alikozaliwa Daniel Owino Misiani, bingwa wa benga aliyefariki mwaka wa 2006. Wagusii nao waliichukua wakaisemesha lugha yao, na jina la marehemu Christopher Monyoncho hutajwa huko kama sisi tunavyomtaja Juma Bhalo. Wengine watakuwa wanazungumza habari za Shabana, timu ya Kisii iliyoanzishwa mwaka wa 1980, ambayo mwaka wa 2023 ilirudi katika ligi kuu baada ya miaka 17. Mgeni akitaka marafiki kwa dakika moja, na aulize Shabana inaendeleaje.

Ila kitu kilichonigusa zaidi ni obokano. Hiki ni chombo cha nyuzi nane, kikubwa kuliko nyatiti ya Waluo, chenye bakuli la mti lililowambwa ngozi. Sauti yake ni nzito, ya kukwaruza, yaingia kifuani kabla ya masikio. Anayetafuta ulaini wa udi hataupata. Lakini mpenzi wa taarabu atazame namna kinavyosikilizwa. Mpigaji humtaja huyu kwa sifa, humgusa yule kwa fumbo, wasikilizaji hucheka, na aliyesifiwa huinuka akamtunza. Nani kati yetu hajayaona hayo arusini?

Zamani obokano ilikwenda pamoja na pombe ya wimbi, na kwa ajili hiyo watu wa kanisa waliitilia shaka, kama baadhi ya masheikh wetu walivyoitilia shaka taarabu. Leo inasikika zaidi katika sherehe na katika mashindano ya muziki ya shule, na wapo vijana walioifikisha hata katika majukwaa ya Nairobi. Mwenye kutaka kuisikia bila glasi ya pombe kupita mbele yake ataisikia.

NA WAO WAKIJA KWETU?

Kwa anayekwenda huko, ushauri wangu ni mfupi. Asalimie kwanza: asubuhi husemwa "bwakire", yaani kumekucha. Asishangae kijana anayeandika meza akimwita mpishi wa kike "baba", maana kwa Kigusii baba ndiye mama, na mzazi wa kiume ni "tata". Aulize bila haya, na akijibiwa "sijui" ashukuru.

Lakini swali linageuka. Msabato wa Suneka naye huja Mombasa, Malindi na Lamu, kwa kazi au matembezi, akaingia hoteli zetu akiwa na swali lake moyoni. Sisi twajivunia pweza wa nazi, kamba na kaa, na hivyo vyote havina mapezi wala magamba. Kwake ni mwiko, kama nguruwe alivyo kwetu. Akiuliza kilichomo katika mchuzi, je, tutamwambia "kula tu, ni samaki," au tutamjibu kama alivyonijibu yule mama?