Mbio za Moyo na Namna ya Kuzipambanua

Mgonjwa asemapo kwamba moyo wake unakwenda mbio, asema kweli, lakini maneno hayo hayamtoshi tabibu. Usemi huo mmoja hubeba hali nyingi zisizofanana: baadhi yake si ugonjwa wa moyo hata kidogo, na nyingine zaweza kuua kwa dakika chache.

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Ukizidi hapo, jambo la kwanza la kuulizwa ni mwanzo wake. Mbio ziletwazo na homa, hofu, kazi nzito au kupotewa na damu hupanda kidogo kidogo na kushuka vivyo hivyo. Moyo hapo unatii haja ya mwili, na dawa ni kuiondoa sababu. Lakini zipo mbio zianzazo ghafula, mara nyingi mapigo 150 hadi 220 kwa dakika, yaliyo sawasawa, zikakoma ghafula. Hizo hutokea umeme wa moyo unapozunguka katika njia isiyo yake, na pengine mgonjwa huweza kuzikomesha kwa kubana pumzi na kujikamua.

Jambo la pili ni mpango wa mapigo. Mshipa wa mkono ukiguswa, na mapigo yakawa hayana mpango wowote, yamkini vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Damu huweza kuganda humo, na bonge lake likafika ubongoni na kuleta kiharusi.

Hata hivyo vidole havielezi yote, kwani mbio zitokazo vyumba vya chini, zilizo za hatari zaidi, nazo aghalabu huwa na mapigo sawasawa. Hapo hapana budi kutumia mashine iandikayo umeme wa moyo, iliyotokana na kazi ya Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, aliyepewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1924. Umeme ushukao kwa njia yake ya kawaida huenea upesi, na alama yake huwa nyembamba. Uanziao vyumba vya chini huenea polepole, na alama yake huwa pana, sekunde 0.12 au zaidi.

Alama pana yaweza kuwa na sababu nyingine, lakini tabibu huihesabu kuwa ya hatari mpaka ithibitike vinginevyo. Akiidhania kuwa salama, akatoa dawa kama verapamili ifaayo mbio nyingine, aweza kumpoteza mgonjwa aliyekuja kwake akizungumza.