Nani wa Kumwiga? Ushauri kwa Mwalimu Mwanachuo

Kila mwanachuo aingiapo darasani kwa mara ya kwanza katika mazoezi ya kufundisha, huingia na mwalimu mwingine moyoni mwake. Huyo ni yule aliyemfundisha utotoni, ambaye huiga sauti yake, mwendo wake na hata fimbo yake pasipo kujua. Kwa hiyo swali si kama tutamwiga mtu, bali tutamwiga nani, na katika jambo gani.

Mwandishi wa makala haya, katika mazoezi yake ya kwanza, alivutiwa na mwalimu mmoja ambaye darasa lake lilikuwa kimya daima. Akauiga ukali wake, na watoto wakanyamaza. Juma la tatu aliwapa zoezi la kugawanya. Wengi wakakosa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amethubutu kuuliza swali. Aliiga kilichoonekana, asichunguze kama kinafundisha.

Kutokana na hayo, hapana budi kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, watazame wanafunzi kabla ya kumtazama mwalimu. Keti nyuma ya darasa. Je, mtoto anayekosea huelekezwa au huaibishwa? Walioketi nyuma hushiriki? Kisha omba kuyaona madaftari, uone kama masahihisho yanamwonyesha mtoto alipopotea, au ni alama ya mkosi tu.

Pili, usimtafute mtu mmoja aliye mkamilifu. Mmoja ni hodari wa kuutumia ubao, mwingine wa kutengeneza zana kwa vizibo vya chupa na vijiti, na mwingine wa kuzungumza na wazazi. Chukua jambo moja kwa kila mmoja, ulijaribu, kisha uandike matokeo yake.

Tatu, uliza sababu. Kunakili andalio la somo la mwenzako hakutoshi. Muulize kwa nini alianza na mfano ule, na ni kipindi gani kilichomshinda. Mwalimu mzoefu asiyeona haya kukusimulia makosa yake ndiye kiongozi wa kweli.

Wengine watasema kielelezo chao ni Mwalimu Julius Nyerere. Ni vema, lakini tuige kinachoigika. Alikuwa tayari amefundisha Tabora alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 kusoma tena. Aliporudi alifundisha Pugu hadi 1955. Mwaka 1963, akiwa Rais, ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Urais si wa kila mmoja wetu. Lakini kuendelea kujifunza baada ya kuitwa mwalimu, hilo kila mmoja analiweza.

Mwisho, kumbuka kwamba miongoni mwa watoto walio mbele yako yupo atakayekuwa mwalimu. Siku atakapoushika ubao kwa mara ya kwanza, mwalimu aliye moyoni mwake huenda ukawa wewe. Je, ungependa aige nini?