Je, Wajua? Kasongo Ilikuwa Mji Mkubwa Kabla ya Reli

Kasongo, kusini mwa jimbo la Maniema nchini Kongo, ilikuwa makao makuu ya mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, tangu miaka ya 1870. Daktari Sidney Hinde, aliyeingia Aprili 1893 na jeshi la Dola Huru ya Kongo lililoongozwa na Dhanis, aliukadiria mji huo kuwa na watu 60,000 hivi, akastaajabia mashamba yake. Utajiri huo ulitoka kwenye pembe za ndovu na jasho la watumwa; hilo lisifichwe. Baadaye mji ule uliachwa, Kasongo ikahamia mahali pengine, na mahali pake pa kale panaitwa Kasongo Tongoni. Kisha reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika 1911, ikapita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba. Mchele wa Kasongo unaotafuta treni lazima kwanza uvushwe mto.