Dawa ya Kisukari: Mti na Kidonge

Ukipita katika magulio ya Kahama, Shinyanga au Geita utaona mafungu ya mizizi na magome. Wauzaji husema hutibu kisukari. Je, tuwaamini?

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Ugali na viazi tunavyokula hugeuka kuwa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha sukari hiyo kutumika mwilini. Insulini ikikosekana au ikishindwa kufanya kazi yake, sukari hujaa katika damu. Mgonjwa hukojoa mara kwa mara, huona kiu, hukonda na kuchoka.

Miti tusiidharau. Metformini, vidonge wanavyopewa wagonjwa wengi wa kisukari, asili yake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega. Lakini mmea huo una sumu; kondoo wakiula hufa. Wataalamu walikichunguza kiini chake, wakatengeneza dawa inayofanana nacho yenye usalama zaidi. Daktari Mfaransa, Jean Sterne, alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Hapa kwetu, uchunguzi wa miti ya dawa umekuwa ukifanyika Muhimbili tangu mwaka 1974.

Kidonge kina kipimo. Mzizi uliochemshwa sufuriani hauna: leo mkali, kesho hafifu. Ukiunywa pamoja na vidonge, sukari inaweza kushuka mno. Utatetemeka, utatoka jasho, hata kuzimia. Hapo unywe maji yenye sukari upesi, kisha uende zahanati.

Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Wenye kisukari walikuwamo. Wengi walisema wamepata nafuu. Lakini kujisikia nafuu si kipimo. Kipimo ni damu. Sukari inaweza kupanda bila wewe kujua, mpaka kidonda kikatae kupona. Mchimba dhahabu avaaye viatu vya mpira kutwa nzima aweza kupoteza mguu hivyo.

Basi fanya haya:

1. Pima sukari katika kituo cha afya.
2. Usiache vidonge wala sindano bila kuambiwa na daktari. Mtoto wa kisukari akikosa insulini aweza kufa kwa siku chache.
3. Ukitumia miti shamba, mwambie daktari. Usimfiche.
4. Kagua miguu yako kila jioni.

Msomee na jirani asiyejua kusoma.