Mashine ya Kufulia Inapowaka Bila Kuanza Kazi

Mashine ya kufulia ikiwaka taa lakini isianze kazi, umeme umefika; kinachokosekana ni sharti jingine. Kwanza mlango: kitasa kisipobana, mashine haiendi, na soksi iliyonasa kwenye mpira wa mlango yatosha kuizuia. Kitufe cha kuchelewesha kuanza nacho hukaguliwa mapema.

Kwa nyumba ya Kinole, kwenye miteremko ya Uluguru, maji ndiyo ya kutazamwa zaidi. Maji ya mserereko kutoka vijito vya milimani hubeba mchanga na tope wakati wa masika, na uchafu huo huziba kichujio kidogo cha wavu kilicho nyuma ya mashine, pale mpira wa maji unapofungwa. Plagi huchomolewa, koki hufungwa, kichujio huvutwa taratibu kwa koleo na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Presha nayo ina hesabu yake: kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1, na mashine nyingi huhitaji karibu nusu ya hiyo. Simtanki lililokaa chini, usawa mmoja na mashine, halitoshi hata likijaa.

Umeme wa Tanzania ni volti 230. Ukishuka mno, taa huwaka ilhali mota haina nguvu ya kuzunguka. Hapo stebilaiza husaidia. Yote yakiwa sawa, kilichobaki ni kitasa cha umeme au bodi, kazi ya fundi.