Nadhiri ya Warumi wa Kale: Makubaliano kati ya Mwanadamu na Miungu

Katika dini ya Warumi wa kale, uhusiano wa mwanadamu na miungu ulisimama juu ya kupeana: mwanadamu alitoa sadaka na heshima, nao miungu wakatoa afya, mavuno, ushindi na safari salama. Njia kuu ya kuuendesha uhusiano huo ilikuwa nadhiri, iliyoitwa votum kwa Kilatini, yaani ahadi ya kumpa mungu kitu kilichotajwa endapo angetimiza ombi lililotajwa. Mweka nadhiri hakutanguliza malipo. Alitamka ombi na ahadi, akangoja, na mungu alipoitikia ndipo mweka nadhiri alipohesabiwa kuwa mdaiwa mpaka aiondoe nadhiri yake; mungu asipoitikia, hapakuwa na deni.

Ushahidi wa desturi hiyo umebaki katika madhabahu ya mawe yaliyotapakaa katika himaya yote, hata Uingereza kwenye Ukuta wa Hadrian, ambayo mengi humalizikia kwa herufi nne, VSLM, zinazoeleza kwamba mtoaji aliiondoa nadhiri yake kwa moyo wa hiari na kwa kuwa mungu alistahili. Katika mahekalu ya Italia, vivyo hivyo, wachimbuaji wamekuta miguu, mikono na macho ya udongo wa kufinyanga, yaliyowekwa na watu walioomba uponyaji au walioshukuru kwa kuupata.

Nadhiri ya taifa zima iliandikwa kwa uangalifu wa hati ya kisheria. Mwaka 217 KK, baada ya jemadari adui Hannibal kuliangamiza jeshi la Roma kando ya Ziwa Trasimene, wananchi waliulizwa kama wanakubali kumwahidi mungu mkuu Jupiter wanyama wote wa kufugwa, yaani nguruwe, kondoo, mbuzi na ng'ombe, watakaozaliwa katika majira ya machipuko ya mwaka mmoja, iwapo dola lingesalimika kwa miaka mitano. Mwanahistoria Livy ameyahifadhi masharti yake: mnyama akifa kabla ya kutolewa au akiibiwa, mwenye mali hana hatia, na mtu akichinja siku ya mkosi bila kujua, sadaka yake ni halali. Ahadi ilitekelezwa mwaka 195 KK, lakini kuhani mkuu alipoona kwamba taratibu hazikufuatwa sawasawa, kazi yote ikarudiwa mwaka 194 KK. Watu wanaotaka kumpunja mungu wao hawarudii kumlipa.

Miungu nao walidhaniwa kuwa tayari kujadiliana. Mshairi Ovid anasimulia jinsi Mfalme Numa wa Roma alivyomwomba Jupiter amfundishe kafara ya kuzuia radi. Jupiter alipodai kichwa, Numa alimwitikia kwamba atampa cha kitunguu. Alipodai cha mtu, Numa akasema atatoa nywele. Na alipodai uhai, Numa akautaja wa samaki. Jupiter alicheka na kuridhia, na kwa masimulizi hayo Warumi walieleza kwa nini kafara hiyo haikuhitaji damu ya mtu: mungu mwenye nguvu zote za mbingu alikuwa pia mungu anayesikiliza hoja.

Hata hivyo, ni kosa kuilinganisha nadhiri na biashara ya sokoni, ambamo muuzaji na mnunuzi wakishalipana kila mmoja hushika njia yake. Wakati wa makaisari, kila tarehe 3 Januari makuhani na maofisa walichinja wanyama walioahidiwa mwaka uliotangulia kwa ajili ya usalama wa mtawala, kisha katika ibada hiyo hiyo wakatamka nadhiri ya mwaka uliokuwa ukianza. Deni lilipokwisha, jingine lilifunguliwa kwa makusudi, kwa kuwa kilichothaminiwa kuliko sadaka yenyewe kilikuwa ule uaminifu uliowaunganisha watu na miungu yao kutoka mwaka hadi mwaka.