Nchi Ndiyo Mwalimu wa Mwimbaji

Mara nyingi tukimsikia mwimbaji hodari twasema, "Huyu amezaliwa na kipawa." Ni kweli, lakini mbegu haioti juu ya jiwe. Tuwatazame watu watatu wa nchi mbalimbali, tuone jinsi kila nchi ilivyomlea mwanamuziki wake.

Wa kwanza ni Joseph Haydn wa Austria, aliyezaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu, tena alipenda kupiga kinubi na kuimba na jamaa yake, ingawa hakujua kusoma noti. Je, mtoto wa fundi wa kijijini angefika wapi? Basi, nchi ile ilikuwa na desturi mbili. Makanisa makubwa yaliwachukua watoto wenye sauti nzuri na kuwafundisha. Ndivyo Haydn alivyoingia kwaya ya Kanisa la Mtakatifu Stefano mjini Vienna. Tena wakuu wenye mali waliwaajiri wapiga muziki. Mwaka 1761 Haydn aliingia kazini kwa wakuu wa Esterházy, akawatumikia karibu miaka thelathini, na hapo alikuwa na wapigaji wa kuzijaribu kazi zake.

Wa pili ni Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Unguja ni nchi ya bahari, na bahari huleta wageni na vinanda vyao. Zamani za Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, taarabu ilitoka Misri ikaingia jumba la kifalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti alikuwa maskini mwenye kutembeza vyungu. Alipohamia mjini mwaka 1911 alijifunza muziki ule, akauimba kwa Kiswahili, na mambo ya watu wa kawaida yakapata sauti. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay kutiwa katika santuri.

Wa tatu ni Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Ugogo ni nchi kavu ya wafugaji, haina bandari. Huko shule ya muziki ni nyumba yenyewe: wazee huimba, na watoto hujifunza kupatanisha sauti nyingi kwa pamoja. Zawose alipiga zeze na ilimba, yaani sanduku la mti lenye vipande vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1996 muziki wake ulitolewa Uingereza kwa jina la Chibite. Alifariki mwaka 2003, lakini jamaa yake wameendelea na kazi hiyo, kwa sababu aliwafundisha.

Mwaona basi: kanisa na jumba la mkuu, bandari, na nyumba ya mfugaji. Njia ni mbalimbali, lakini kila mmoja alikuta watu wa kumfundisha na watu wa kumsikiliza.

Sasa tujiulize sisi wa Chunya. Kama bahari ilivyowaleta watu Unguja, dhahabu ya Lupa iliwaleta watu kwetu tangu miaka ya 1920. Hapa wamo Wakimbu, Wasafwa, Wanyakyusa, Wasukuma na wengine, kila kabila na nyimbo zake. Huo ni utajiri kuliko dhahabu, maana hauishi ukichimbwa. Huisha usipochimbwa. Mzee akifa hajamfundisha mtu, nyimbo zake huzikwa pamoja naye.

Hata Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliagiza muziki wa asili wa mataifa uheshimiwe. Kwa hiyo, mzazi, kama babu anajua zeze, mkalishe mjukuu karibu naye jioni. Nawe kiongozi wa kwaya, waulize akina bibi nyimbo zao za mavuno na za kubembeleza watoto, uzijue kabla ya kutafuta za mbali. Samaki mkunje angali mbichi.